Sura ya Tano: Hasara Ni ya Nani?

Mwenye shamba la karafuu wa Pemba aliyekwama fedha miaka ya 1920 alikuwa na njia moja ambayo watu waliihesabu halali. Alikwenda kwa mfanyabiashara wa Kihindi pale Wete au Chake Chake, akamuuzia shamba kwa hati ya beikhiyari. Hati ilisema kwamba shamba limeuzwa, na kwamba muuzaji ana hiari ya kulikomboa kwa bei ile ile ndani ya muda waliokubaliana. Muuzaji mwenyewe hakuhama. Alibaki shambani pake kama mpangaji, akawa anamlipa mnunuzi kodi kila mwaka.

Tuseme bei ni rupia 1,000 na kodi ni rupia 150. Ukisoma hati huoni mkopo wala riba. Unaona mauzo na upangaji, na sheria ya Kiislamu inaruhusu vyote viwili. Ukitazama mfuko wa mwenye shamba unaona jambo jingine: zimeingia rupia 1,000, kila mwaka zinatoka 150, na siku ya mwisho zinatakiwa zirudi 1,000 zile zile, la sivyo ardhi imekwenda. Hila hii haikuzaliwa Pemba. Oman iliitumia, na Bukhara ilikuwa na nduguye iliyojulikana kama bei ya wafaa. Katika dola ya Uthmaniya, wakfu za fedha zilikopesha kwa hati za namna hiyo tangu karne ya 16, Sheikhul-Islam Ebussuud akizitetea na mwanazuoni Birgivi akizipinga kwa ukali.

Mkarafuu, lakini, hausomi hati. Mwaka mmoja unazaa mpaka matawi yanainama, wachumaji wanavuka kutoka Unguja kuja kulipwa kwa pishi, na karafuu zinaanikwa kwenye majamvi hadi uwanjani mwa msikiti. Mwaka unaofuata mti unapumzika. Kodi ya beikhiyari haikupumzika. Na bei ilipoporomoka baada ya 1929 hata mwaka wa mavuno makubwa haukutosha, mashamba yakawa yanahama mikono kwa wingi kiasi kwamba serikali ya Kiingereza ikaagiza uchunguzi. Ripoti ya Bartlett na Last ni ya 1933. Mwaka 1934 zikaja sheria za kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isiuzwe ovyo, na madai ya madeni yakasitishwa kwa muda. Wafanyabiashara nao walikuwa na kilio chao, kwa kuwa wengi wao walikopa kwa matajiri wakubwa zaidi wa Unguja na Bombay na walidaiwa huko. Ugomvi ukafika India kwenyewe, ambako karafuu za Zanzibar zilisusiwa mpaka yalipopatikana makubaliano mwaka 1938.

Na zamani zaidi kulikuwa na mtu chini kabisa, chini ya mwenye shamba na chini ya mwenye fedha. Mpaka amri ya 1897 ya kukomesha utumwa, mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Bei ikishuka, wa kwanza kulala njaa alikuwa mtumwa, na hakuna hati ya beikhiyari iliyomtaja kama mtu mwenye haki yoyote katika biashara ile. Anayeandika juu ya uchumi wa Kiislamu katika pwani hii akaliruka jambo hilo ameandika nusu ya habari.

Nimeianza sura hii na karafuu kwa sababu mjadala wa uchumi wa kisasa na uchumi wa Kiislamu karibu kila mara huanzia kwenye riba na kuishia hapo hapo. Upande mmoja unasema riba ni haramu, upande mwingine unasema riba ni bei ya fedha kama ilivyo bei ya sukari, na msomaji anaachwa njiani. Naona swali lililo chini ya hilo ni zito zaidi. Mipango ya maendeleo huandikwa kwa matumaini, kisha mvua inakosa, soko linaanguka, au vita vinazuka. Hapo ndipo tujue: hasara ni ya nani? Kwa swali hilo mikondo yote miwili ina jambo la kujivunia na jambo la kujibia.

Tuanze na huu wa kisasa. Maendeleo, kwa maana tunayoitumia leo ya nchi tajiri kuzisaidia nchi maskini zipande ngazi, ni fikra changa. Rais Truman wa Marekani aliitangaza katika hotuba ya kuapishwa kwake Januari 1949. Mwaka 1954 Arthur Lewis, mtoto wa kisiwa cha St Lucia aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel, alieleza jinsi kazi ya ziada ya mashambani inavyoweza kuhamia viwandani na kukuza mtaji. Mwaka 1960 Walt Rostow akaandika kwamba kila nchi hupita hatua tano, kutoka jamii ya jadi mpaka jamii ya ulaji mkubwa. Kipimo kilikuwa pato la taifa, ingawa Simon Kuznets, aliyekitengeneza, alikwisha kulionya Bunge la Marekani mwaka 1934 kwamba ustawi wa taifa hauwezi kukisiwa kutokana na pato hilo peke yake.

Ili kupanda ngazi kulihitajika mtaji, na mtaji ukaja kama mkopo. Miaka ya 1970 mabenki ya Magharibi yalifurika dola za mafuta, yakazikopesha serikali za Amerika ya Kusini kwa riba inayopanda na kushuka na soko. Kisha Benki Kuu ya Marekani chini ya Paul Volcker ikapandisha riba hadi karibu asilimia 20 ili kuua mfumuko wa bei nyumbani kwake. Agosti 1982 Mexico ikasema haiwezi kulipa. Uamuzi ulipitishwa Washington, na deni likapanda kwa mtu ambaye hakuwa na kura Washington.

Tanzania ilifika pale pale kwa njia nyingine. Haikukopa sana kwa mabenki ya biashara. Iliumizwa na vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta na kushuka kwa bei ya kahawa. Mwalimu Nyerere aligombana na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, akauliza hadharani kama watoto wafe njaa ili madeni yalipwe. Makubaliano yakaja 1986, chini ya Rais Mwinyi. Shilingi ikashushwa thamani, matumizi yakabanwa, na mwaka 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Novemba 2001 Tanzania ilifikia hatua ya mwisho ya mpango wa kufutiwa madeni kwa nchi maskini zenye madeni makubwa, na karibu na wakati huo ada za shule za msingi zikaondolewa. Watoto wakamiminika madarasani. Kwa hiyo kati ya mkopo na msamaha, hasara ilibebwa na mama aliyejifungulia nyumbani na mtoto aliyekosa dawati. Mkopeshaji alisubiri.

Hapa ndipo mkondo wa kisasa unapojikana wenyewe. Ndani ya nchi zake tajiri una sheria nzuri sana za hasara. Kampuni ikifilisika, mwenye hisa anapoteza hisa zake tu, wadai wanagawana kilichobaki, na mtu anaruhusiwa kuanza upya. Sheria hizo ni moja ya sababu kubwa za utajiri wa Marekani na Uingereza, maana watu huthubutu zaidi wanapojua kwamba kuanguka hakutawafuata mpaka kaburini. Kwa nchi maskini hakuna sheria kama hiyo. Novemba ile ile ya 2001 Anne Krueger, mmoja wa wakuu wa IMF, alipendekeza uwekwe utaratibu wa kisheria wa kushughulikia nchi zilizoshindwa kulipa. Kufikia 2003 pendekezo lilikuwa limekufa, Marekani ikiwa miongoni mwa waliolikataa.

Mkondo wa Kiislamu unaanza mahali pengine. Mafakihi wana kanuni isemayo kwamba mwenye kuitaka faida ndiye mwenye kuibeba hasara, na nusu ya sheria za biashara zimejengwa juu yake. Katika mudharaba, mmoja anatoa mtaji na mwingine anatoa kazi. Faida wanagawana kwa kiwango walichoafikiana, ama hasara ya mtaji ni ya mwenye mtaji peke yake, kwani mfanyakazi amekwisha kupoteza jasho lake. Katika musaqati, mwenye miti na mwenye kuihudumia wanagawana matunda. Ndivyo Mtume alivyoafikiana na Mayahudi wa Khaybar juu ya mitende yao, nusu kwa nusu. Mtende usipozaa, hakuna nusu ya kudai. Na pale ambapo deni lipo, aya ya 280 ya Sura ya Al-Baqara inaamuru mdaiwa aliyebanwa angojewe mpaka apate nafuu, na inasema kumsamehe ni bora zaidi. Zaka ina mafungu manane ya wanaostahiki, na fungu moja ni la waliolemewa na madeni. Sijui sheria nyingine ya kale iliyotenga fungu la kudumu la kodi kwa ajili ya watu walioshindwa kulipa.

Anayetaka kuiona kanuni hii ikitembea kwa miguu aende Kizimkazi au Lamu alfajiri, mashua zikirudi. Samaki wanapandishwa mnadani, lakini kwanza kila baharia anatoa kitoweo cha nyumbani kwake. Fedha zikipatikana, zinatolewa gharama za safari: mafuta ya mashine, barafu, chakula. Kinachobaki hukatwa mafungu, fungu la chombo, fungu la nyavu, na kila baharia fungu lake, nahodha akizidishiwa. Viwango hutofautiana kutoka bandari moja hadi nyingine. Wakirudi mikono mitupu, mwenye chombo amepoteza mafuta, mabaharia wamepoteza usiku wao, na hakuna anayemdai mwenzake. Wako wenye vyombo wanaohamishia mafuta ya leo kwenye mauzo ya kesho, na huo ndio mstari ambapo ushirika unageuka deni. Mabaharia wanaujua vizuri mstari huo, ndiyo maana wenye tabia hiyo hukosa mabaharia hodari.

Ushirika huu unajenga uchumi wa mashua. Je, unajenga reli, au kiwanda cha saruji? Timur Kuran, mwanauchumi mwenye asili ya Uturuki, ameutolea swali hilo jibu gumu katika kitabu chake cha 2011. Anasema sheria za Kiislamu za biashara zilikuwa bora kabisa kwa zama zake, kisha zikakwama. Ushirika ulivunjika mshirika mmoja alipofariki, warithi wakagawana, na kazi ikaanza tena kutoka mwanzo. Wakfu, chombo pekee kilichodumu kizazi hadi kizazi, kilifungwa na masharti ya mwanzilishi hata zama zilipobadilika. Kampuni, mtu wa kisheria asiyekufa na awezaye kukusanya mitaji ya maelfu ya watu, haikuzaliwa huko. Wapo wanaomjibu Kuran kwamba anausahau ukoloni, na wana hoja. Ila kiini cha maneno yake nakikubali, na kinanipeleka kwenye hitimisho ambalo huenda likawaudhi wengi: hisa ya kampuni ya kawaida, inayopanda na kushuka na biashara yenyewe, iko karibu zaidi na roho ya musharaka, yaani ushirika wa mitaji, kuliko sehemu kubwa ya bidhaa zinazouzwa leo kwa jina la benki ya Kiislamu.

Haikukusudiwa iwe hivyo. Mwaka 1963, katika mji wa Mit Ghamr kwenye delta ya Mto Nile, Ahmad El-Naggar alifungua benki ya akiba. Alikuwa amesoma Ujerumani, akavutiwa na benki ndogo za akiba za huko zinazomilikiwa na jamii. Wakulima waliweka senti zao, na benki ikazitia kwenye biashara za mji kwa ushirika au kuwakopesha wenye shida bila riba. Neno Uislamu halikutangazwa sana, kwa kuwa utawala wa Nasser uliwatilia shaka watu wa dini. Kufikia 1967 matawi yalikuwa tisa, kisha serikali ikayameza. Mwaka huo huo wa 1963 Malaysia ilianzisha mfuko ambao leo unajulikana kama Tabung Haji, kutokana na wazo la mwanauchumi Ungku Aziz, ambaye aliona watu wa vijijini wakiuza ardhi na mifugo ili waende kuhiji na kurudi mafukara. Mfuko huo ulikusanya akiba za mamilioni ya watu na kuziwekeza mashambani na viwandani. Ulipata misukosuko, na mwaka 2018 serikali ililazimika kuuokoa baada ya madeni yake kuzidi mali zake, ikazihamishia mali zilizoharibika kwenye kampuni nyingine. Yaani hata huko hasara ilipokuwa kubwa ilihamishiwa kwa mlipa kodi.

Benki zilizofuata, kuanzia Dubai mwaka 1975, zilishika njia nyepesi zaidi. Kenya ilipata benki mbili za Kiislamu mwaka 2008, Tanzania ilipata Amana Bank mwaka 2011, na benki nyingi za kawaida zikafungua madirisha ya Kiislamu. Kinachouzwa zaidi humo ni murabaha. Kijana anataka bodaboda. Benki inainunua, inamuuzia kwa bei ya juu zaidi, naye analipa kwa mafungu kila mwezi. Bodaboda ikiibwa wiki ya pili, kijana anaendelea kulipa, na kama kuna bima atasubiri bima. Kuna muamala ulio mbali zaidi na asili, tawaruki ya kupangwa, ambapo mtu anauziwa shehena ya chuma au mafuta ya mawese asiyoiona, ikauzwa papo hapo kwa niaba yake, naye akaondoka na fedha taslimu na deni kubwa kuliko fedha hizo. Baraza la kimataifa la mafakihi lilikutana Sharjah mwaka 2009 na kuikataza. Mwaka mmoja au miwili kabla yake, Mufti Taqi Usmani wa Pakistan, mmoja wa waasisi wa sheria za benki hizi, alisema wazi kwamba hati nyingi za sukuki, yaani hati za uwekezaji za Kiislamu, sokoni zina kasoro, kwa kuwa mtoaji anaahidi kurudisha mtaji wote hata mradi ukipata hasara. Nikiyasoma hayo naiona beikhiyari ya Wete imevaa suti.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema murabaha na mkopo wa kawaida ni kitu kimoja. Bei ya murabaha ikishaandikwa haipandi. Kijana wa bodaboda akichelewa, benki inaweza kumtoza faini ili asifanye mzaha, lakini katika benki zinazofuata viwango faini hiyo huenda kwenye sadaka, haiingii katika faida. Deni halizai. Ili kuona uzito wa jambo hilo, liweke kando ya mikopo ambayo akina mama wa Dar es Salaam wanaiita kausha damu, ambapo mtu anakopa laki mbili, marejesho ni ya kila wiki au kila siku, akikosa rejesho moja deni linavimba, na wiki ya tatu wanakuja kubeba jokofu na magodoro. Mikopo ya simu nayo imekuja na maneno laini. M-Shwari ilipoanza Kenya mwaka 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, ikaiita ada. Mikondo yote miwili imejua kubadilisha jina la kitu na kukiacha kilivyo.

Kuna mahali mikondo hii imekaribiana, tena bila kutafutana. Mahbub ul Haq alikuwa mchumi mkuu wa tume ya mipango ya Pakistan wakati nchi hiyo ikisifiwa duniani kwa ukuaji wake. Mwaka 1968 alisimama na kusema kwamba familia 22 zinamiliki theluthi mbili ya mali ya viwanda nchini. Ukuaji ulikuwepo, na watu hawakuuona. Mwaka 1990, akishirikiana na rafiki yake Amartya Sen, alitoa ripoti ya kwanza ya maendeleo ya binadamu ya Umoja wa Mataifa, iliyopima maisha marefu, elimu na kipato kwa pamoja. Haq hakuandika kama mwanazuoni wa dini. Ila aliyesoma Al-Ghazali, aliyefariki 1111, anakumbuka orodha yake ya mambo matano ambayo sheria imekuja kuyalinda: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Mali iko, nayo ni ya tano.

Nimalize na Sudan, kwa sababu huko swali la sura hii lilijibiwa shambani. Benki za Sudan zilitumia sana mkataba wa salamu: benki inamlipa mkulima leo, fedha zote taslimu, na mkulima anaahidi magunia kadhaa ya mtama au ufuta siku ya mavuno. Miaka ya mfumuko mkali wa bei, magunia yalipoiva yalikuwa na thamani mara kadhaa ya fedha alizopokea. Wakulima wakalalamika kwamba wameporwa kwa mkataba halali. Badala ya kuwaambia waliotia saini wavumilie, likaongezwa sharti lililoitwa la ihsani: bei ikipanda zaidi ya theluthi moja ya bei ya mkataba, au ikishuka kwa kiasi hicho, aliyenufaika anamfidia aliyeumia. Mabishano hayakwisha, wala Sudan si mfano wa nchi iliyostawi. Lakini sharti lile liliandikwa na watu waliojiuliza mapema hasara itakwenda kwa nani.

Naamini Zanzibar inaweza kwenda mbele zaidi ya hapo kwenye karafuu na mwani. Salamu yenye sharti la ihsani ingempa mkulima fedha za palizi na uchumaji bila kuweka shamba rehani. Salamu ina udhaifu wake, kwani mazao yakikosekana mnunuzi ana hiari ya kungoja msimu mwingine au kudai mtaji wake, bila nyongeza, na mtaji huo mkulima anaweza kuwa hana. Ndipo fungu la zaka la wenye madeni linapohitajika. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo, benki zipo, na masheha wanajua nani mti wake haukuzaa na nani ameuza karafuu kwa magendo. Kinachohitajika ni kuyaunganisha hayo katika mkataba mmoja, na kuandika tangu siku ya kwanza kwamba mwaka mbaya ukija, sehemu fulani italipwa na mfuko wa zaka, sehemu nyingine itasamehewa na benki kutoka katika faida ya miaka mizuri, na iliyobaki itangojewa mpaka vuli.